Kidonge hakizibi tundu

Mwanangu,

Sisi huku wazima, wewe ndiye mgonjwa na hutaki kusema. Umeniuliza kama Panadol mbili kila usiku, miezi mitatu sasa, zitakuharibu ini. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, wewe uko kwenye robo. Kama ini lako ni zima, hunywi pombe, wala hujazii na dawa za mafua, ambazo nyingi zina parasetamo ileile iliyomo kwenye Panadol, sina hofu na ini. Lakini baba, barua nzima na jino lenyewe umelitaja mara moja!

Umenikumbusha baba yako na lile gego lake la chini. Ulikuwa darasa la tano, ulikuwa ukimcheka anavyotafuna upande mmoja. Hukujua kilichokuwa mfukoni mwa shati lake. Diklofenaki, vidonge vya maumivu. Na mnunuzi nilikuwa mimi, pale Ngamiani, vidonge kumi kumi, wala muuzaji hakuwahi kuuliza ni vya nani. Karafuu za bibi yako wa Pemba nilimpa pia abane nazo jino. Zinatia ganzi kidogo, kisha unarudi palepale. Usiku ndiyo ilikuwa balaa: akijilaza tu damu inapanda kichwani, jino linadunda, basi anakaa kitako mpaka adhana ya alfajiri.

Ikaja arusi ya dada yako, 2006. Pilau inapakuliwa, nikamwona anainuka kuelekea uani. Nikamfuata. Ameegemea ukuta, ametapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Mimi nikadhani ni kahawa kweli! Nikamsuta pale pale, kanzu yake nyeupe imechafuka: "Ushakunywa kahawa na njaa tena, leo siku ya watu?" Daktari ndiye aliyeniambia ile ni damu. Vidonge vilikuwa vimemchimba tumbo, na alikuwa akivimeza bila kula kwa sababu kutafuna kunamuuma. Siku nne wodini. Bi arusi akaondoka hajaagana na baba yake. Dada yako hajawahi kunilaumu hata siku moja, na mara nyingine natamani angenilaumu.

Najua utaniambia Panadol si diklofenaki. Kweli, tumbo haichimbi vile. Na mimi mwenyewe goti likikaza nazimeza, kwa hiyo nani nikuhubirie? Lakini goti langu ni uzee, halina tundu. Tundu la jino haligandi mahali pamoja. Ipo siku maumivu yatakatika yenyewe, ushukuru, kumbe mshipa wa ndani umekufa na usaha unatafuta pa kutokea. Kidonge hakizibi tundu. Uso ukivimba, au homa ikipanda, au mate yakawa hayamezeki, usingoje kuche, nenda hospitali usiku uleule.

Kung'oa au kuziba, hilo ni lako na daktari. Una mke, una watoto wawili, sikuamulii. Hapo juu ya mstari huu nilikuwa nimeshakuamulia, nimekata kwa kalamu, usijaribu kusoma.

Nikwambie tu ambalo baba yako hakuwaambia: mwaka mzima ule alikuwa anaogopa sindano. Basi. Alipokwenda hatimaye, ganzi ilipoingia alisinzia kwenye kiti, daktari akamwamsha kumwonyesha gego lishatoka. Akaliomba. Akalifunga kwenye leso, tukapanda nalo daladala mpaka nyumbani. Kufika, akasimama uani, mtu mzima mwenye mvi, shavu limejaa pamba, akalirusha juu ya bati kama mlivyokuwa mkifanya nyie na meno yenu ya utoto. Likateleza likarudi. Akaliokota, akarusha tena.

Mama yako