Nyaraka za idara zisilale kwenye akaunti ya mtu mmoja

Idara nyingi huanza hivi: mhadhiri mmoja anafungua folda kwenye Google Drive yake binafsi, anawatumia wenzake kiungo, kazi inakwenda. Akistaafu au akihama, ndipo shida inapoanza. Faili ni la akaunti iliyolifungua. Akaunti ikifutwa, mihtasari ya kozi na mitihani ya miaka iliyopita huondoka nayo.

Kama chuo kinatumia Google Workspace, yaani huduma za Google kwa taasisi, ombeni kitengo cha Tehama kiwafungulie hifadhi ya pamoja (shared drive). Humo faili ni la chuo. Wawepo wasimamizi wawili, tuseme mkuu wa idara na katibu wake. Wahadhiri wengine wapeni nafasi ya mchangiaji: wataongeza na kuhariri, lakini hawataweza kufuta. Hili lina maana, kwa sababu kilichotupwa hukaa siku 30 tu kwenye tupio. Rasimu za mitihani zitengewe hifadhi yake yenye watu wachache, maana mwanachama wa hifadhi kwa kawaida huona kila kilichomo. Na kamwe zisifunguke kwa yeyote mwenye kiungo.

WhatsApp ni ya kutangaza, si ya kutunza. Kundi la matangazo liwekeni ili wasimamizi pekee waandike, la sivyo tangazo la mtihani litafukiwa na salamu za asubuhi. Matokeo yenye majina au namba za usajili yasipelekwe huko hata kidogo: hizo ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 Tanzania na ya 2019 Kenya, na zikishasambazwa hazirudishiki.

Ratiba ndiyo inayosumbua zaidi. Kila ikibadilika mtu hutuma PDF mpya, na nusu ya darasa hubaki na ile ya zamani. Pakieni PDF moja kwenye Drive. Ikibadilika, msipakie nyingine pembeni, bali ingieni sehemu ya kudhibiti matoleo ya faili lilelile na kupakia toleo jipya. Kiungo hakibadiliki, anayekifungua hukuta ratiba ya leo.

Hata hivyo, wanafunzi wengi huwa na bando la mitandao ya kijamii tu, na kwa bando hilo kiungo cha Drive hakifunguki. Kwa hiyo badiliko lenyewe liandikwe ndani ya ujumbe: kozi, siku, saa, ukumbi. Kiungo kifuate chini yake.