Bampa Limechubuka, Sasa Unadaiwa Shingo: Jinsi ya Kupinga Dai la Jeraha Lenye Shaka

Gari moja linarudi nyuma kutoka pakingi ya duka kubwa huko Nyali, Mombasa, jingine linapita polepole nyuma yake, bampa linagusa mlango. Watu wanashuka, wanalaumiana kidogo, soja anawatuliza, kila mtu anaondoka na gari lake. Miezi inapita, kisha mwenye gari anapokea barua ya wakili: mteja wetu aliumia shingo, mgongo na kifua, kubali kosa au tukutane mahakamani. Wengine hukuta kwenye barua hiyo jina la abiria ambaye hawakumwona kabisa siku ile.

Jambo la kwanza ni kujizuia. Usimpigie mdai simu, usimjibu wakili wake kwa hasira, na usimwite mtu tapeli, hata kama moyoni huna shaka. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ni lazima aonyeshe kwamba ajali ilitokea naye alikuwamo, kwamba kosa ni lako, na kwamba jeraha limetokana na ajali ile na si jambo jingine. Likikosekana moja kati ya hayo, dai halisimami, nawe hulazimiki kueleza ni kwa nini alidai. Lakini ukitamka kwamba ametunga, umejitwika kazi ya kuthibitisha utungaji huo, na mahakama hudai ushahidi mzito zaidi kwa shutuma ya ulaghai kuliko kwa dai la kawaida. Msimamo wako uwe mfupi: athibitishe. Kisha uweke mezani tarehe, picha na vipimo vya siku ile.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla ya barua kufika.

Saa 24 za kwanza

Wengi huamini kwamba pakingi ni kiwanja cha mtu, kwa hiyo polisi hawahusiki. Sivyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inapotafsiri barabara inajumuisha pia pakingi ambayo umma unaruhusiwa kuingia. Kifungu cha 73 kinakutaka usimame, utoe jina, anwani na namba ya gari, na pale mtu alipoumia au hamkupeana maelezo hayo, uripoti polisi upesi iwezekanavyo, isizidi saa 24. Ushauri wetu ni kuripoti hata pale ambapo hakuna aliyesema ameumia, kwa sababu anaweza kusema kesho.

Nenda kituo cha eneo lile, kiwe Nyali, Makupa au Central, na uhakikishe tukio limeandikwa kwenye kitabu cha matukio. Usiondoke bila namba ya OB. Kilichoandikwa mle kina uzito kuliko namba yenyewe, kwa hiyo mwombe afisa kwa heshima akusomee. Yanayotakiwa ni majina ya wote waliokuwa ndani ya magari yote mawili, au idadi yao ikiwa majina hukuyapata, sehemu za gari zilizogusana, na sentensi moja inayosema kama kuna aliyelalamika maumivu pale pale. Sentensi hiyo ikiwepo, abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali unaotolewa kituoni, ikitoka baadaye na abiria wa nne ndani yake, itabidi mtu aeleze ametokea wapi.

Picha zipigwe kabla magari hayajasogezwa, ikiwa hakuna majeruhi na hamjafunga njia. Piga picha ya mbali inayoonyesha magari yote mawili pamoja na mistari ya pakingi, halafu za karibu. Kisha zungusha video ya dakika moja inayoonyesha watu wakiwa wamesimama na viti vya ndani vilivyo wazi. Halafu fanya jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: chukua futi ya fundi, isimamishe ardhini kando ya mchubuko, piga picha urefu ukisomeka. Fanya hivyo kwa magari yote mawili. Mchubuko wa bampa ukiwa sentimita 50 kutoka ardhini na bonde la mlango wa mwenzako likiwa sentimita 68, bonde lile halikutengenezwa na bampa lako. Tofauti ya sentimita 3 au 4 isikupe matumaini, kwani gari likifunga breki pua huinama, na buti lenye mzigo hushuka.

Ukisema pole kwa mwenzako, hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kuandika kwenye karatasi au ujumbe wa simu kwamba kosa ni lako. Pesa nazo zina hatari yake. Shilingi elfu mbili ya dawa, iliyotumwa kwa M-Pesa kwa huruma tu, inakuja kusomwa mahakamani kama kukubali kosa, na sera nyingi za bima zinakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mtu akiwa na maumivu kweli, mpeleke hospitali. Ni utu, na daktari ataandika hali yake saa ileile.

Kamera

Mashine ya CCTV hurekodi juu ya picha zake za zamani diski inapojaa. Kwingine ni baada ya wiki, kwingine mwezi. Kwa hiyo siku ileile mwandikie meneja wa jengo barua fupi au barua pepe, ukitaja tarehe, saa, namba za magari na kamera inayoelekea mahali pale, umwombe aihifadhi sehemu hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu, na kanuni zake za 2021 zinampa anayeshikilia data hizo siku 7 kuitikia ombi. Akikataa kukupa nakala kwa sababu sura za watu wengine zimo, usibishane naye. Mradi ameihifadhi, polisi, bima au mahakama wataweza kuiomba.

Saa ya mashine ile mara nyingi haiko sahihi. Mkikubaliwa kuitazama, piga picha ya skrini yake ikiwa kando ya simu yako inayoonyesha saa, vinginevyo utakuja kuulizwa kwa nini video inasema saa nane na OB inasema saa tisa. Na video yoyote itakayofika mahakamani huhitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilitoka kwenye kifaa gani na aliyeinakili ni nani. Andika jina la aliyeinakili mapema, maana masoja na wafanyakazi wa kamera hubadilishwa kila mara.

Bima ijue, na bampa lifunguliwe

Ripoti kwa kampuni yako ya bima hata kama hudai chochote na hata kama mlikubaliana kila mtu ajitengenezee. Muda wa kuripoti umeandikwa kwenye sera yako, usome. Kampuni isiyojulishwa ina sababu ya kukuacha peke yako baadaye. Bima ya lazima ya watu wengine, chini ya Sura ya 405, hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, kwa hiyo usiichezee kinga hiyo kwa uvivu wa kujaza fomu moja.

Usitengeneze gari kabla mkadiriaji wa hasara wa bima hajaliona. Na fundi anapolifungua bampa, uwepo na simu yako. Bampa tunaloliona ni ganda la plastiki tu. Nyuma yake mna klipu za plastiki, sponji ngumu ya kumeza mshindo, kisha chuma cha kukinga kilichofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Mguso wa pakingi kwa kawaida huvunja klipu na kuchubua rangi. Sponji ikiwa haijabonyea na chuma hakijapinda wala rangi yake haijapasuka kwenye bolti, piga picha hizo tatu kila moja peke yake na umwombe fundi aandike risiti inayotaja vipuri alivyobadilisha kimoja kimoja. Risiti iliyoandikwa "kazi ya bodi" tu haina faida kwako. Gari linalokwenda kilomita 5 kwa saa husogea mita 1.4 kwa sekunde, na picha za chuma kisichopinda huifanya hesabu hiyo ieleweke hata na asiyejua magari.

Hapa tuwe waadilifu. Gari lisiloharibika si uthibitisho kwamba mtu hakuumia. Maumivu ya shingo yanaweza kuanza siku ya pili, na majeraha ya misuli na kano hayaonekani kwenye eksirei. Mzee, mtu mwenye shida ya uti wa mgongo tangu zamani, aliyekuwa amegeuza kichwa, au abiria wa tuktuk aliyekaa bila cha kuegemeza kichwa, anaweza kuumia pale ambapo wengine wangetikisika tu. Sheria nayo humtaka mkosaji amchukue aliyeumia jinsi alivyo. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kulipwa, na faili lako likiwa safi litasaidia alipwe kinachomstahili. Unachopinga ni dai ambalo tarehe zake hazikubaliani.

Barua ikifika

Weka bahasha pamoja na barua, andika tarehe na saa uliyoipokea, na uipeleke kwa bima siku hiyohiyo ukipewa muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Majibu yataandikwa na wao au wakili wao.

Kisha omba nakala za nyaraka za mdai na uzipange kwa tarehe: tukio, OB, karatasi za matibabu ya kwanza, abstrakti, P3, ripoti ya daktari. Madai mengi yenye shaka hujifichua hapa. Matibabu ya kwanza yakiwa wiki tatu baada ya tukio, mdai aeleze alikuwa akifanya nini wiki hizo. P3 ni fomu ya bure ya polisi. Sehemu ya kwanza hujazwa kituoni na ya pili na daktari, na mara nyingi daktari huijaza akitegemea karatasi za awali. Kwa hiyo usiridhike na P3. Tazama karatasi ya kwanza kabisa ya hospitali: imeandikwa alifikaje, alilalamikia wapi, alipewa dawa gani? Mtu aliyelalamikia goti siku ya kwanza na kudai shingo kwenye ripoti ya daktari ana maswali ya kujibu. Namba ya mgonjwa wa nje iliyo kwenye karatasi hiyo ilinganishwe na rejista ya hospitali. Hilo usilifanye mwenyewe, kwa sababu rekodi za mgonjwa ni siri. Wakili wa bima ataomba rasmi au atamwita mtunza rekodi atoe ushahidi. Jina la daktari aliyesaini unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, uone kama ana leseni ya mwaka huo.

Sisitiza uchunguzi wa pili. Bima ina utaratibu wa kumpeleka mdai kwa daktari wa kampuni, na ripoti mbili zikitofautiana kuhusu ulemavu wa kudumu, hakimu hulazimika kuzipima. Daktari huyo apelekewe picha na karatasi zote kabla ya kumwona mdai, la sivyo ataandika tu anachoambiwa. Kampuni ikiona dalili za mtandao wa ulaghai, kama wakili yuleyule, zahanati ileile na maneno yaleyale kwenye madai tofauti, mahali pa kulipeleka ni kitengo cha kupeleleza ulaghai wa bima kilicho chini ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, tangu 2011, chenye maafisa wa upelelezi. Iachie kampuni kazi hiyo.

Samansi ikija, hakuna muda wa kulala. Siku za kujibu zimeandikwa juu yake, mara nyingi ni 15, na ukizipitisha mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Hapo ndipo wenye gari wengi huumizwa: dai dhaifu hushinda kwa sababu karatasi ilikaa kwenye droo. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kufunguliwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Wakili aangalie kwanza kama shauri lenyewe liko kwenye mahakama sahihi, lakini mashahidi wawe tayari, kwa maana hakutakuwa na mwaka wa kuwatafuta.

Aliyeuza gari bila kubadilisha jina la umiliki naye asijione salama. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo atashtakiwa yeye, na atahitaji makubaliano ya mauzo yenye tarehe.

Huenda bima ikaamua kulipa kiasi kidogo badala ya kupigana, kwa sababu gharama za kesi zinazidi dai lenyewe. Sera nyingi zinawapa uamuzi huo, lakini una haki ya kuwaandikia kwamba hukubali kosa, na kutaka mdai atie saini hati ya kufunga madai yote yatokanayo na tukio lile, ikitaja tarehe, mahali na namba za magari. Hati isiyotaja hayo huacha mlango wazi kwa dai la pili.

Muda wa kufungua kesi ya jeraha ni miaka 3 tangu tukio, na mahakama inaweza kuruhusu nyongeza kwa sababu maalumu. Kwa hiyo namba ya OB, picha asilia kwenye simu na kwenye barua pepe, risiti ya fundi na barua ya bima inayosema dai limefungwa zisitupwe hata baada ya miaka hiyo mitatu kupita. Picha zilizopita WhatsApp hupungua ubora na hupoteza taarifa za saa na mahali zilipopigwa, basi hifadhi zile za mwanzo.