Umepima?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mama, uliurudishaje mwili wako baada ya kujifungua?", nimelisoma nikiwa nimesimama jikoni, simu mkono huu, ukoko wa wali mkono huu. Nikacheka peke yangu mpaka kitindamimba akaja kuchungulia kuna nini. Kuurudisha! Kana kwamba mwili niliuazima kwa jirani kama sufuria la shughuli, na sasa mwenyewe anaudai.

Namba najua mnazitaka, basi nizitoe mapema. Kabla ya ndoa, kilo 62. Uzazi wa pili mwajiri alinipa siku 84 za likizo kama sheria inavyosema, nami nikarudi kazini na kilo 84. Ofisini wakasema hawajawahi kuona mtu anayefuata sheria kama mimi. Baba watoto alipata siku zake 3, lakini supu ya kuku wa kienyeji, ambayo mama yangu alikuja kutoka Tanga kuja kunipikia mimi mzazi, aliinywa siku zote arobaini. Mimi nilifungwa mkaja tumbo likakazwa hadi nikawa napumua kwa zamu. Yeye hakuna aliyemfunga, na mashati yake ya kazini yanatoa ushahidi mpaka leo.

Nimejaribu kila kitu. Maji ya limau na tangawizi yalinipa kiungulia tu. Joging ya mtaani nilijiunga, Jumamosi saa 12 alfajiri, fulana za njano, nyimbo, mapambio, barabara yote yetu. Hakuna aliyeniambia kwamba tukimaliza tunakaa kwenye supu na chapati mbilimbili. Mwezi wa pili nilikuwa na kilo 85 na fulana imenibana.

Ndipo nikaanza kukata wanga. Kuna kundi la wasapu, kila mlo unapiga picha ya sahani unatuma, na admini anakusuta mbele za watu. Sahani yangu ilikuwa safi: mayai mawili, tango, mchicha. Ambacho admini hakukiona ni makombo. Kila mama anajua kwamba chakula alichobakiza mtoto hakina wanga. Kijiko cha wali ulichokiokoa kisimwagwe hicho si kula, ni usafi wa meza.

Hata hivyo nilishuka. Na nikiwa katika kushuka ndipo mama mkwe alipokuja kutoka Bukoba. Nataka niieleze ziara hii, mnisamehe kama swali lenu halikuiulizia.

Ilikuwa msimu wa senene, mwezi wa kumi na moja. Alishuka basi pale Mbezi na mkungu wa ndizi, kopo la senene waliokaangwa, na macho. Nasema macho kwa sababu "shikamoo mama" yangu aliijibu huku ananiangalia kiunoni. Nyumbani akapika ndizi na nyama, harufu ikajaa mpaka kwa majirani. Nikajipakulia mchicha na nusu tango. Hakusema kitu. Siku ya pili, hakusema kitu. Siku ya tatu alinikuta chumbani najaribu gauni la zamani, linaingia, nimefurahi kama mtoto wa Idi. Akaliangalia, akaufunga mlango taratibu.

Jumapili jioni nikashangaa shemeji ametokea Gongo la Mboto bila taarifa, na baba mdogo kutoka Kimara. Soda zikatolewa. Kumbe ni kikao. Mama akaanza na mwanawe: "Nimekuja kuuliza, mwenzio unamlisha nini?"

"Mama, huyu anapunguza."

"Anapunguza nini?"

"Mwili."

"Kwani ulimwambia umeuchoka?"

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na yale machache yakamkimbia palepale. Mama akanigeukia, sauti ikashuka. "Mwanangu, umepima?"

Mimi, maskini, nikafurahi. Nikajua hatimaye kuna mtu anajali juhudi zangu. "Nimepima mama, jana tu, kwa yule kijana pale stendi."

"Na huyu?"

"Huyu hajapima. Anaogopa majibu."

Shemeji akapaliwa na soda. Baba mdogo akawa anaangalia zulia. Mama akavuta pumzi, akaniuliza, "Na yako yakoje?"

"Mazuri sana. Yameshuka mpaka sabini na tisa."

Kimya. "Sabini na tisa nini?"

"Kilo, mama."

Aliyeanza kucheka ni baba mdogo, kicheko cha mtu aliyekuwa ameshapanga maneno ya pole. Mume wangu akateleza kutoka kwenye kochi mpaka chini. Na mwanangu mkubwa, miaka sita, akaona naye achangie: "Bibi, mama anakula! Anakula usiku, taa amezima, anakwangua sufuria!" Hapo kikao kikafa rasmi. Hadithi hii tumeisimulia kwenye kila shughuli ya ukoo tangu siku hiyo, na mimi ndiye msimuliaji mkuu. Nilipoanza kuwaandikia nilikuwa nimekusudia iishie hapa, niwaambie wasomaji wenzangu: msirudishe chochote, chekeni.

Ila mama hakucheka. Sijawahi kuliweka hilo kwenye kusimulia, linaharibu utamu.

Usiku nilimkuta jikoni anamenya ndizi za kesho, mikono ameipaka mafuta utomvu usimnase. Nikakaa kwenye kigoda nimsaidie. Nikamwambia nilipima kliniki mimba zote mbili, na mwanao nilimburuta tukapima wote, tuko salama. Akasema, "Ahsante." Akamenya kama ndizi tatu hivi bila neno.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko kwao Kagera, mwaka 1983. Mume wangu alikuwa mgongoni. Ugonjwa haukuwa na jina, watu wakauita Juliana, jina la kitambaa cha kisasa kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Uganda. Haya nilikuwa nayajua kama mnavyoyajua nyinyi, shuleni. Ambalo sikulijua, akaniambia yeye usiku ule, ni la dada zake yeye mama mkwe. Wa kwanza alikuwa mnene kunizidi mimi, wa kucheka mpaka anashika ukuta. Akaanza kupungua, akawa analikaza gauni kiunoni kwa pini. Watu wakamsifia, wakamwambia amependeza, amekuwa msichana. Wa pili alipoanza kutia pini, hakuna aliyemsifia.

"Najua siku hizi kuna dawa," akaniambia. "Watu wanameza, wanalea wajukuu. Macho yangu ndiyo hayajui."

Sasa mnaona shida yangu, mhariri. Nimelianza jibu hili kwa mzaha na hapa katikati sina hakika tena nani alikuwa anachekesha siku ile. Lakini pia, na hili nalisema kwa heshima zote, siwezi kubeba kilo 84 ili mama mkwe alale usingizi. Mama yangu mzazi, huyo wa Tanga, ana kisukari, na mguu wake wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Kila nikimwosha miguu namwangalia na mimi kwa macho yangu, na yamejifunza kuogopa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo swali lenu nalijibu, ijapokuwa mwanzoni nilisema kuchekwe tu. Kilichonisaidia ni kuacha soda na sukari kwenye chai, basi. Kukata wanga kulinishusha haraka, nikapandishwa na makombo haraka vilevile. Sasa nipo 78 na nimekaa hapo karibu mwaka. Usinifuate kama unanyonyesha, mwili unakula kwa ajili ya wawili, kaulize kliniki kwanza. Usinifuate pia kama nyumbani kwako hakuna sukari ya kuacha. Na 62 siitafuti. Gauni la sendofu lipo kabatini bado, lakini lipo kwa sababu ni zuri.

Wasapu nimejitoa. Mama hunipigia kila Jumapili baada ya ibada, na kabla ya salamu za wajukuu ananiuliza, "Unakula?"

"Nakula, mama."

Jumapili iliyopita kaniwahi nina tango mdomoni. "Unatafuna nini hicho?"

"Muhogo, mama. Mbichi."

"Haya. Ongeza."