Mashimelo ya maumbo yasiyolegea katika joto la pwani

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Ninaishi Mkomani, Lamu, na ninataka kuwatengenezea watoto mashimelo, yaani peremende laini za povu la sukari na jelatini, yenye maumbo ya samaki, nyota na jahazi kwa ajili ya Idi. Mara ya kwanza niliroweka jelatini katika maji ya nanasi niliyoyakamua mwenyewe, na mchanganyiko haukuganda kabisa. Mara ya pili nilitumia maji matupu, ukaganda, lakini mapezi ya samaki yalilegea, na kesho yake peremende zote zilikuwa zimetoa jasho na kushikana. Ninakosea wapi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Hayo ni makosa mawili yasiyohusiana, na la kwanza ni jepesi. Nanasi bivu lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini tupu. Papai nalo lina kimeng'enya cha namna hiyo, na ndiyo maana wapishi wetu hupaka nyama papai bichi ili ilainike. Ukitaka ladha ya nanasi, chemsha maji yake kwanza kwa dakika kadhaa, uyaache yapoe kabisa, kisha ndipo uroweke jelatini.

Kosa la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu umbo la mashimelo hutegemea kiasi cha maji kilichobaki ndani ya shira. Maji yakizidi, povu huwa laini mno kushika ncha ya pezi au tanga, na sukari iliyo juu huanza kuyeyuka mara tu inapokutana na unyevu wa hewa ya baharini. Mapishi mengi huagiza shira ipikwe hadi nyuzi 115 za Selsiasi. Kwa Lamu na kwetu Malindi ninashauri uifikishe 119 au 120, ambapo tone lake likidondoshwa katika maji baridi hufanya tembe inayobonyea lakini inayobaki na umbo lake. Aliyezoea kupika shira ya visheti ataitambua hali hii kwa vidole, ila kipimajoto ni cha kuaminika zaidi, nawe unaweza kukikagua kwa urahisi: sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo katika maji yanayotokota sharti kisome 100.

Vipimo ninavyotumia ni gramu 21 za jelatini ya unga zilizorowekwa katika mililita 120 za maji baridi, na kwenye sufuria gramu 300 za sukari, gramu 340 za shira ya glukosi, mililita 120 za maji na chumvi kidogo. Glukosi huizuia sukari isirudi kuwa chembe. Wengi huniuliza kama asali inaweza kushika nafasi yake, nami hukataa, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewa kuliko glukosi, na hilo ndilo tunalolikimbia. Jelatini nayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwamo nguruwe, kwa hiyo soma pakiti na uchague ya ng'ombe iliyothibitishwa kuwa halali.

Shira ikifika kiwango chake, iepue, isubiri itulie mapovu, kisha imimine polepole juu ya jelatini huku mashine ikizunguka kwa mwendo mdogo. Ongeza mwendo na upige kwa dakika 10 hadi 15, mpaka povu liwe jeupe, zito, na lishike alama ya mchapo wa mashine unapouinua.

Kwa nyota, tandaza povu kwenye sinia iliyopakwa mafuta, liache usiku kucha, kisha ukate kwa kikato kilichopakwa mafuta pia. Samaki na jahazi ni kazi nyingine, maana ukiwakata hupoteza unene wa tumbo na mviringo wa tanga. Hapa wewe uliye Lamu una bahati: mwombe fundi wa nakshi akuchongee samaki mdogo wa mti mtupu, usio na rangi wala vanishi. Jaza trei konifulawa kwa kina cha sentimita 3 au 4, isawazishe, ugandamize samaki huyo wa mti ndani yake, umwinue, na shimo linalobaki ndilo kalibu yako. Lijaze povu likiwa bado na uvuguvugu kwa mfuko wa kupambia keki. Konifulawa hiyo lazima ikaushwe kwanza katika oveni yenye moto mdogo kwa saa moja au mbili, kisha ipoe, kwani ikiwa kavu hufyonza unyevu wa juu ya peremende na kuipa ngozi nyembamba inayohifadhi kila kona ya umbo. Ninaipenda njia hii kuliko zote.

Jelatini huganda kwa shida chumba kikiwa na joto la nyuzi 30. Ukilazimika kutumia friji, funika trei barabara, na ukiitoa usiifunue mpaka ipoteze ubaridi wote, la sivyo hewa ya nje itaacha umande juu ya peremende na kazi yote itaharibika. Kisha zipangusie mchanganyiko wa konifulawa na sukari ya unga, konifulawa ikizidi kidogo, na uzifungie papo hapo katika chombo kisichopitisha hewa, kila safu ikitenganishwa na karatasi.

Macho ya samaki na milingoti ya jahazi ichore kwa chokoleti iliyoyeyushwa ikapoa kiasi. Usitumie rangi ya maji, kwa kuwa tone moja tu hutoboa ngozi ile na kuanzisha jasho upya.