Ile picha ya barafuni

Mpwa wangu, ujumbe wako chini ya ile picha yangu nikiteleza barafuni nimeusoma mara tatu. "Mjomba, kumbe unalipwa kwa kuteleza! Mimi huku kwenye viatu vya magurudumu nawashinda wote, niite basi nije." Chini yake shangazi zako wakadakia. Mmoja: "Ndiyo maana simu hapokei, yuko michezoni." Mwingine: "Anayecheza ameshiba." Na yule nisiyeweza kumjibu kwa sababu ya umri wake akafunga kwa kusema wenzetu wanakula bata. Haikupita saa, mchango wa harusi ukaingia kwenye kundi la familia, jina langu juu kabisa ya orodha, na kiasi kimeshaandikwa mbele yake.

Nimenyamaza wiki nzima. Leo najibu, na adabu yote niliyofundishwa mtanisamehe.

Picha kwanza. Pale ni kwenye mfereji wa Rideau, Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Maji yakiganda hadi barafu ikafikia unene wa kama sentimita 30 wanaufungua, na watu wanateleza kilomita 7.8 bila kiingilio. Umesikia, bila kiingilio. Ndiyo maana mmeniona pale na si mahali pengine. Skeiti nilizovaa, vile viatu vyenye chuma chini cha kutelezea, zilisahauliwa na mtu kazini kwangu, zikakaa kwenye kapu la vitu vilivyopotea hadi muda wa kudaiwa ukapita. Zinanibana vidole. Aliyenipiga picha simjui, nilimpa simu huku naomba Mungu asitoweke nayo, maana kwa mbio zangu za barafuni nisingemkamata.

Wala msidhani mfereji umekaa tu unamngoja mtu. Mimi nilifika 2022. Majira yangu ya kwanza ya baridi, yale ya kuingia 2023, haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu waanze utaratibu huo mwaka 1970, kwa sababu joto lilizidi na barafu haikukaza. Hebu fikirini. Mimi machozi yananitoka kwa baridi, vidole vimekufa ganzi hata kifungo cha koti sikishiki, halafu naambiwa mwaka huu hakuna baridi ya kutosha! Kila nikipita nakuta bendera nyekundu, yaani pamefungwa.

Sasa kazi.

Niliwaambia nafanya kazi "kwenye mambo ya michezo". Sikusema uongo, ila neno lile nililivisha suti, na nyinyi mkaliongezea tai. Ukweli ni kwamba niko kwenye uwanja wa barafu wa ndani, dirisha la kukodisha skeiti. Mtu anataja namba ya kiatu, namtolea jozi. Akirudisha nanyunyizia dawa ndani, naipanga kwenye rafu. Harufu sitaieleza. Halafu kuna wasiojua kufunga kamba, na ndio wengi: watoto, wazee, wanaume wenye vitambi ambao miguu yao hawajaiona siku nyingi. Hao wote napiga magoti mbele yao.

Kufunga skeiti msikudharau. Kwanza unaugonga mguu chini ili kisigino kikae nyuma kabisa. Vidoleni unaacha nafasi, pale kiatu kinapokunjika kwenye kifundo ndipo unapokaza kwa nguvu zako zote, juu kabisa unalegeza kidogo ili goti lipate kukunjika. Ukikosea, mtu anakwenda kifundo kimelala ubavu, anarudi baada ya dakika tano amenuna. Kamba ikilowa inakata kama uzi wa kuvulia. Nina mstari mweusi kwenye vidole vyote viwili vya shahada, sabuni imeshindwa nao. Sakafu ni ya mpira na ina majimaji ya barafu siku nzima, kwa hiyo suruali zangu zote zimechakaa mahali pamoja. Shangazi aliyeuliza kama huku bado nakumbuka kusali, mwambie magoti yangu yanakaa chini kuliko yake.

Jumamosi moja iliingia familia, baba, mama na watoto wawili. Nimeinama zangu, nikasikia Kiswahili. Yule mama alikuwa anamkemea mwanawe asivue glovu. Mpwa wangu, tangu nifike sikuwahi kumsikia mtu, ana kwa ana, akimkemea mtoto kwa Kiswahili. Moyo uliruka. Nilikuwa nafungua mdomo nitoe salamu, ndipo akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, akijua sielewi: "Masikini, mtu mzima na mvi zake, anafunga watu kamba."

Hakuwa na ubaya. Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Mguu wa mumewe ulikuwa mkononi mwangu. Nikakaza fundo, nikainua uso, nikamwuliza kwa Kiingereza kama kimebana. Akasema kiko sawa, asante. Nikahamia kwa mtoto, naye nikamfunga kwa Kiingereza.

Niliwakana watu wangu kwa ajili ya kamba ya kiatu. Wangeweza kuwa marafiki. Huenda wangenialika nyumbani kwao, nikakaa mahali ambapo watu wanacheka kabla kisa hakijaisha kwa sababu wanajua kinakokwenda. Niliwatazama kupitia kioo wakianguka na kushikana, nikawa naomba wasirudishe skeiti wakati wa zamu yangu. Kidonda hicho ndicho mnachokitonesha kila mkiandika bata.

Na kuhusu huyo bata, mumfikishie mhusika: simli, ila natembea kama yeye. Njia za miguu zikiganda unakanyaga bapa, hatua fupi, vidole vimetazama nje, uzito wote mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Bibi mmoja jirani ndiye aliyenifundisha, baada ya kuniona nimelala chali mlangoni mara ya pili katika wiki moja. Alikuwa na fimbo, na alinipita.

Utaniuliza basi, kama mambo ndiyo hayo, kile kicheko kwenye picha ni cha nini?

Hapo umenishika. Ninaupenda mchezo huu, mpwa wangu. Naupenda tangu siku nilizokuwa nagawana na mama yako jozi moja ya magurudumu, yeye kavaa cha kushoto mimi cha kulia, kila mmoja anajisukuma kwa mguu mtupu. Akikataa, mwambie akuonyeshe kiwiko chake.

Usiku, wateja wakishatoka, mashine ya kusawazisha barafu huingia mara ya mwisho. Ile ya Zamboni, aliyoiunda Frank Zamboni huko California mwaka 1949. Inakwangua uso wa barafu, inazoa takataka zake, kisha inamwaga maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi. Ndiyo, ya moto. Siku ya kwanza nilidhani dereva amekosea bomba. Kumbe maji ya moto yanayeyusha mikwaruzo ya juu, na kwa kuwa hewa iliyomo ndani yake ni kidogo, yakiganda yanatoa barafu ngumu, angavu. Yule dereva huniachia dakika kumi na tano kabla hajaiwasha. Barafu wakati huo imechanwachanwa na watu tangu asubuhi, imejaa unga mweupe. Ni makombo. Navaa zangu za kapuni, naingia.

Nikueleze unachokisubiri, maana najua mengine umeyaruka. Magurudumu yatakusaidia kwenye msukumo, ule wa kusukuma kwa ubavu badala ya kurudisha mguu nyuma kama mtembea kwa miguu. Kwenye kusimama yatakudanganya. Chuma cha skeiti hakiko bapa kwa chini, kimechimbwa mfereji mwembamba katikati, kwa urefu wake wote, kwa hiyo kila mguu una makali mawili, ya ndani na ya nje. Ukitaka kusimama unageuza miguu yote miwili ikingame ghafla, unakwangua barafu hadi unga unaruka. Jaribu hivyo kwenye lami uone utakavyolala. Mimi ilinichukua majira mawili mazima, na nilipoweza upande wa kushoto nikagundua wa kulia hautaki hata kusikia.

Makali ya nje ndiyo yenye raha. Ya ndani yanakushika, ya nje yanataka uyaamini, ulale upande ambao mwili wote unakuambia utaanguka. Usiku mmoja nililala, sikuanguka. Duara likajichora lenyewe, na chini ya mguu kukawa na sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa polepole. Nikarudia hadi dereva akapiga honi. Dakika hizo kumi na tano hakuna mchango, hakuna anayenionea huruma, na magoti yangu yanakunjika kwa hiari yangu.

Sasa usinielewe vibaya. Usije.

Nasema usije kwa ajili ya skeiti. Umenitumia video ya Shani Davis, yule Mmarekani wa mbio za skeiti, na ni kweli alianzia kwenye magurudumu akiwa mtoto mdogo, na ni kweli huko Torino mwaka 2006 alikuwa mwanamichezo mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mita 1000, akairudia Vancouver 2010. Lakini Shani ni wa Chicago. Alikuwa kwao. Wewe ungefika na miaka ishirini na ushee, na kitu cha kwanza ungekikuta ni kodi ya chumba. Surya Bonaly wa Ufaransa, wa ule mchezo wa kucheza kwa madaha barafuni, kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, alijipindua kinyumenyume hewani akatua kwa mguu mmoja, na wakamkata alama kwa sababu mtindo ule ulikuwa marufuku. Marufuku yenyewe wameiondoa 2024. Miaka 26! Wewe una subira hiyo? Wewe uliyetoka chuoni kwa sababu foleni ya usajili ilikuwa ndefu?

Samahani, hilo lilikuwa letu wawili.

Ukija, maana najua kichwa chako, njoo mwezi wa tano, mwili upate kuzoea kidogo kidogo. Hapana, njoo Januari, upigwe na ukweli siku ya kwanza, utajua mapema kama unabaki au unageuza. Usimwambie mtu yeyote nyumbani unafanya kazi gani. Tena waambie siku hiyo hiyo, usifanye kama mimi, maana ukishawaachia nafasi wataijaza wenyewe na utaishi kwa kulipa madeni ya mtu waliyemtunga. Kazi ya magoti usiikatae. Ukipewa ya kusimama, shika ya kusimama. Na ukisikia Kiswahili, salimia kabla hawajasema neno lolote, hata kama umeshika mguu wa mtu.

Makaratasi sitayazungumzia, kila mtu anayo hadithi yake na zote zinachosha.

Mchango nitatoa. Kile kiasi kilichoandikwa mkifute, nitaandika changu, na kitakuwa kidogo, na atakayeguna aje afunge kamba Jumamosi moja tu badala yangu. Halafu msiifute picha. Nimesikia kuna aliyependekeza niitoe ili watu wasiseme. Ibaki. Ni picha pekee tangu nifike ambayo sikujipanga kwanza ili mnione vizuri.

Majibu haya msomee mama yako yote, hata pale pa magoti. Kwenye simu sitaweza, nitaanza kucheka halafu nitabadilisha mazungumzo, ananijua.

Na wewe, vua hicho kiatu chako ukigeuze. Nimeona kwenye video gurudumu la mbele kulia limelika upande mmoja kama kipande cha sabuni, ndiyo maana unayumba kwenye kona unasingizia lami. Ubavuni mwa gurudumu pameandikwa namba mbili, moja ya milimita, nyingine inaishia na herufi A. Nitumie zote mbili. Usiniandikie kwa kukisia.