Kioo kikae pembeni, bei ikae mahali pasafi

Mara ya kwanza nilipotia kioo, yaani ule mwonekano wa uwazi wenye ukungu wa Windows, kwenye dirisha la programu, bei zote zilitoweka.

Ilikuwa programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, enzi za Windows 7. Niliita DwmExtendFrameIntoClientArea, amri ya Windows inayotanua kioo cha fremu kuingia ndani ya dirisha, nikaweka -1 kwenye kingo zote nne, dirisha zima likawa kioo kama kile tulichokipenda tangu Vista ya 2007. Kisha nikatafuta bei ya mfuko wa saruji. Mahali pa tarakimu palikuwa na ukungu mtupu wa picha iliyo nyuma.

Chanzo chake ni hiki. GDI, njia ya zamani ya kuchora, haijui uwazi. Ikichora herufi nyeusi inaandika sifuri kwa nyekundu, kijani na bluu, na ile sehemu ya nne, inayosema nukta iwe nzito kiasi gani, nayo inabaki sifuri. DWM, inayounganisha madirisha yote kwenye skrini, ikikuta sifuri hapo inaelewa kwamba pako wazi. Kwa hiyo kila herufi nyeusi ilikuwa tundu.

Dawa ipo: kuandika maneno kwa amri ya DrawThemeTextEx pamoja na alama ya DTT_COMPOSITED, inayotunza ile sehemu ya nne. Nilihangaika nayo siku mbili, herufi zikarudi. Mama wa kaunta akaitazama, akaniambia, "Mwanangu, inapendeza, lakini bei naisoma kwa shida." Nikaondoa kioo chini ya jedwali, nikakiacha juu tu, kwenye kichwa cha dirisha. Hapo ndipo ningeanzia.

Siku hizi kazi ni nyepesi. Kwenye Windows 11, kuanzia toleo la 22H2, unaita amri ya DwmSetWindowAttribute kwa sifa namba 38, inayochagua aina ya mandharinyuma ya dirisha: 2 ni Mica, 3 ni Acrylic, kile kioo chenye ukungu kinachoonyesha kilicho nyuma. Dirisha kuu lipe Mica, maana inachukua rangi ya picha ya mandhari mara moja tu, haichoshi mashine. Acrylic iachie menyu zinazofunguka na kufungwa.

Tena chagua kwa makini rangi ya akiba. Mtumiaji akizima uwazi kwenye mipangilio, au laptopu ikiingia hali ya kubana betri, Acrylic inageuka rangi tupu, na hiyo ndiyo atakayoiona. Kabla ya kumkabidhi mteja, mimi hutanua nyuma ya dirisha waraka mweupe, halafu picha ya usiku, nikasoma kila neno nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye skrini.