Nimepata leseni ya ushauri nasaha Texas: mnaouliza njia, someni hapa

Alhamdulillah, leseni yangu kamili imetoka wiki iliyopita. Sasa mimi ni LPC, mshauri nasaha anayetambuliwa na jimbo la Texas. Tangu niitangaze habari hii simu haipumziki, na wengi mnaonipigia ni wenzangu tuliokesha pamoja kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mna digrii za ualimu au ustawi wa jamii kutoka nyumbani, migongo imechoka kugeuza wagonjwa, na mnajua watu huwafungukia. Nawaambia mapema: kipaji peke yake hakikupi ruhusa ya kukaa na mteja. Karatasi ndizo zinazokupa.

Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya ushauri nasaha, krediti 60. Digrii ya kwanza si lazima iwe ya saikolojia. Yangu ni ya ualimu, niliipata Tanzania, ikatathminiwa kulinganishwa na digrii za Marekani, ikakubalika. Tafuta programu yenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua ubora wa programu za ushauri nasaha, maana kuna majimbo kama Ohio yanayoidai, nawe hujui riziki itakuhamishia wapi. Ndani yake kuna mafunzo kwa vitendo: saa 100, kisha 600, na mara nyingi hulipwi hata senti. Weka akiba kabla hujafika hapo. Habari za darasani sisimulii, kusoma mnajua.

Kisha kuna NCE, mtihani wa kitaifa wa washauri nasaha, wenye maswali 200. Yanayohesabiwa ni 160, na huambiwi yapi, kwa hiyo jibu yote kwa bidii ile ile. Ongeza mtihani wa sheria za Texas na alama za vidole, ndipo unapata leseni ya awali, LPC Associate. Wengi hudhani wamemaliza. Hapo ndipo zinapoanza saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, yaani mshauri mwenye leseni anayekuongoza na kusaini saa zako, 1,500 kati yake ukimhudumia mteja moja kwa moja, na hata ukimbie vipi huwezi kuzimaliza chini ya miezi 18. Msimamizi lazima akutane nawe angalau saa nne kwa mwezi, na mara nyingi unamlipa mwenyewe.

Msimamizi wangu wa kwanza nilimlipa kila mwezi bila kuchelewa. Nikimpelekea fomu ya saa anasema, "Acha tu, tutasaini zote mwishoni." Nilipohama kazi akaacha kupokea simu. Saa nilizokaa na watu wenye majonzi, kuanzia asubuhi hadi macho yananiwasha, zikapotea nyingi. Na ndiye aliyewahi kuniambia kwamba kwa lafudhi yangu hii wateja hawataniamini. Neno hilo bado linaniuma. Leo kuna akina mama wa Kikongo hapa Houston wanaonitafuta mimi kwa sababu kwangu wanaweza kulia kwa Kiswahili.

Kwa hiyo msimamizi mchague kwa makini kuliko chuo. Hakikisha kwenye tovuti ya bodi ya leseni ya Texas kwamba leseni yake ni hai. Waulize waliopita mikononi mwake. Saini ipatikane kila mwisho wa mwezi, nakala ibaki kwako. Narudia: kila mwisho wa mwezi.

Na jamani, tuache kujiita washauri nasaha kabla ya wakati. Kuna watu wetu wanafungua vikundi vya WhatsApp, wanasikiliza ndoa za watu, kesho habari iko harusini. Siri ya mtu ni amana. Mimi hata saa ya ukutani nimeitundika nyuma ya kiti cha mteja, niione bila kumfanya ahisi namhesabia dakika. Mambo kama hayo unafundishwa, na unasimamiwa mpaka yakukae.

Dada uliyeuliza kama umechelewa kwa sababu watoto wako sekondari: darasani kwangu tulikuwa na mwenye wajukuu. Anza na transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako. Mwambie mdogo wako aende mwenyewe kwenye chuo ulichosoma nyumbani akaifuatilie, asiondoke bila kuambiwa tarehe ya kutumwa, kisha ulizia tathmini.